Waliponiita Tapeli, Bwana Alinipandisha Bombo

Jina la Yesu litukuzwe, wapendwa! Na litukuzwe tena, maana mimi sikutegemea kusimama mbele ya watu na kufungua kinywa changu. Naitwa Namsifu. Wengine humu mnanijua kwa sura, na wengine mlinijua kwanza kwa ile picha iliyozunguka kwenye simu za watu hapa Same, nimevaa kitenge cha kijani, na juu yake wameandika kwa herufi kubwa: TAPELI HUYU. Leo nimekuja kuwaeleza Bwana alivyonitoa mle.

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Msangeni, kule Ugweno. Nililetwa Same na ndoa. Mume wangu alikuwa anachimba jasi Makanya, anarudi nyumbani mweupe kama aliyemwagiwa unga, na mimi nilikuwa na kibanda cha nguo sokoni. Mungu hakutujalia mtoto, lakini tulijaliana sisi kwa sisi. Tulikuwa tunaongea Kigweno chetu jioni, tunacheka. Kisha kifua kikamshika, akaugua, Bwana akamchukua.

Muda si mrefu baada ya hapo nikateleza sokoni nikiwa nimebeba robota la nguo. Nyonga ikavunjika. Nilipotoka hospitali nilikuwa mtu wa kuchechemea, siwezi kusimama kibandani tangu asubuhi. Na soko lenyewe lilikuwa limebadilika. Zamani ukileta gauni zuri, watu wanakufuata. Siku hizi mizigo inaingia kutoka kila nchi, kila mlango ni duka, hali ni ngumu, na wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi. Kibanda kikachukuliwa na mwingine. Nikabaki chumbani kwangu na nguo zangu.

Fundi simu mmoja pale stendi ndiye aliyeniambia, "Mama, uza mtandaoni. Mtandaoni hawaulizi kama unatembea vizuri." Akanifungulia ukurasa, akanionyesha namna ya kuposti. Nikachagua kitu kimoja: magauni meupe ya watoto, ya kipaimara na ya kusimamia harusi. Nilikuwa naagiza Kariakoo, nayapiga pasi, nayatundika ukutani karibu na dirisha penye mwanga, napiga picha. Mteja akilipia, nafunga mzigo, naupeleka stendi, konda anaondoka nao.

Watu wanadhani biashara ya mtandaoni ni kukaa na kula. Jamani! Umeme ukikatika, umefunga duka. Bando likiisha, umefunga duka. Same mnaijua kwa upepo wake. Gauni jeupe ukilianika saa moja linageuka rangi ya udongo, unafua upya. Mtu anakuuliza bei, unamjibu, anaomba picha ya mgongoni, unampa, anaomba vipimo, unapima, halafu anapotea kama hakuwahi kuwapo. Mwingine gauni likimfikia anasema kwenye picha lilikuwa jeupe zaidi. Utamjibu nini?

Lakini hayo yote yalivumilika. Kilichoniumiza ni ukimya. Ndugu zangu, nilikuwa naongea na watu kutwa nzima, wa Tanga, wa Dodoma, wa wapi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa chumbani. Vidole vinaongea, mdomo umefungwa. Ilifika Jumapili nikiitikia salamu kanisani sauti inatoka imekwaruza, kwa sababu sikuwa nimeitumia wiki nzima. Jirani zangu ni watu wema, lakini wana shughuli zao na wanaongea Kipare chao haraka haraka, mimi nikisogea wanahamia Kiswahili, mazungumzo yanapoa. Nilikuwa nasali kwa Kigweno, nawaambia kweli, kwa sababu Mungu peke yake ndiye aliyekuwa amebaki wa kuzungumza naye lugha yangu.

Kulikuwa na mteja mmoja tu aliyekuwa tofauti. Mama Elionea, wa Bombo, kule milimani. Yeye hakupenda kuandika. Alikuwa anatuma sauti. "Dada Namsifu, umeamkaje? Huku ukungu umetufunika, hata mbuzi sioni." Ndiyo anaanza hivyo, anaeleza mvua, anaeleza maharage, mwishoni kabisa ndipo anataja gauni la mtoto wake. Nami nilikuwa namjibu kwa sauti. Hatukuwahi kuonana, hata kwa picha hatukujuana vizuri, maana yeye pale kwenye picha yake aliweka ua. Nilikuwa nazirudia sauti zake mchana nikipika, ili nyumbani kwangu kuwe na mtu anayesema.

Basi, ndugu zangu, adui akaja. Siku moja ulikuja ujumbe wa heshima sana, ukisema ukurasa wangu utafungwa nisipothibitisha, nitume namba nitakazoletewa. Nikatuma. Hapo hapo nikatolewa nje. Nikijaribu kuingia, mlango haufunguki. Ukurasa ukabaki na jina langu, sura yangu, magauni yangu ukutani kwangu, na ndani yake akakaa mtu nisiyemjua hadi leo.

Huyo mtu akaanza kuuza. Akashusha bei, akasema ni ofa ya msimu wa kipaimara. Watu wakalipia, maana wananiamini. Mzigo hauendi. Wakiuliza, anawabloki. Na hao watu wangemtafuta nani? Walinitafuta mimi! Simu yangu ya kawaida ikaanza kulia matusi. Nikaenda polisi, wakaandika maelezo yangu, wakaniambia nisubiri. Nikawaeleza watu kwamba nimeibiwa ukurasa. Wakanijibu, "Matapeli wote husema hivyo." Ndipo ile picha yenye kitenge cha kijani ikaanza kuzunguka.

Ikafika mpaka kanisani. Sitaki kumsema mtu vibaya, na tumeshasameheana. Lakini ninyi akina mama mnajua. Nilikuwa kwenye kamati yenu, nikaambiwa kwa upole, "Dada, pumzika kidogo mpaka jambo hili litulie." Nikikaa kwenye benchi, benchi linabaki na nafasi. Baada ya ibada watu wanasalimiana pale nje, mimi natafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakipo, ili nisionekane nimesimama peke yangu. Mwishowe nikaacha kuja. Na nisipokuja, hakuna aliyebisha hodi.

Wapendwa, hata hayo niliyabeba. Lililonivunja lilikuja kwa sauti. Mama Elionea alipata namba yangu ya kawaida, akanitumia ujumbe mmoja. Hakutukana. Alisema polepole, "Dada Namsifu, Elionea wangu amesimama mbele ya madhabahu na gauni la kuazima, linamburuta chini, na wenzake wamemcheka. Sikujua kama wewe ungenifanyia hivi. Mungu akusamehe." Basi. Nilipiga simu yake, haikupokelewa. Nikapiga tena, imezimwa.

Nikaizima na yangu. Nikaifunika kwa sufuria, kama mtu anavyofunika kitu asichotaka kukiona. Ikawa siku zinapita sijui ni siku gani. Nilikuwa nalala mchana, upepo unapiga bati, sipiki, sifungui dirisha. Nikamwambia Bwana, nichukue kama ulivyomchukua mume wangu, huku hakuna anayenihitaji. Nayasema haya bila aibu kwa sababu najua humu ndani kuna mtu ameshawahi kuyasema.

Na asubuhi moja, ndugu zangu, nikiwa kwenye hali hiyo, macho yangu yakaenda ukutani. Lilikuwa limebaki gauni moja, lenye lesi kwenye mikono na mkanda wa satini. Ni lile lile ambalo Mama Elionea alikuwa ameliulizia kabla ya wizi, la kimo cha mtoto wake. Ndipo neno likanijia moyoni, wala sikulisikia kwa masikio: "Lipeleke." Nikasema, Bwana, huyu mama ananiita mwizi. Neno likarudi, "Lipeleke." Nikasema, Bwana, sijui hata nyumba yake. Basi nikainuka, nikalifua, nikalipiga pasi, nikalikunja.

Kesho yake alfajiri nikapanda gari la milimani. Nilijifunga khanga mpaka kwenye pua, kwa kuogopa mtu asije akanitambua. Gari likakata tambarare, vumbi tupu, kisha likaanza kupanda, kona juu ya kona, nyonga yangu inalia kila tunaporushwa. Huko juu hewa ikawa baridi, migomba imelowa. Nikashuka Bombo, nikauliza kwenye duka la kwanza, "Naomba kuelekezwa kwa Mama Elionea." Muuzaji akanitazama sana, akanyoosha mkono kwenye njia ya mteremko.

Nilitembea ile njia nikisali kila hatua. Nilipofika uani nilimwona mwanamke mfupi amenipa mgongo, anapepeta maharage. Moyo ukasema geuka urudi. Kinywa kikasema, "Hodi hapa! Habari za asubuhi, mama?"

Ungo ukasimama hewani. Hakugeuka mara moja.

"Sema tena," akaniambia.

"Hodi. Naitwa Namsifu, nimetoka Same."

Akageuka. Macho yamejaa machozi, na sikujua ni ya hasira au ya nini. Akasema, "Hiyo sauti ndiyo yenyewe. Ulikuwa wapi, wewe mwanamke? Nilipoagiza lile gauni nilikutumia sauti, ukawa unanijibu kwa maandishi. Nikakuuliza, dada, mbona siku hizi hutumi sauti? Ukaniandikia una mafua. Ukaniita 'mteja'. Wewe hujawahi kuniita mteja!"

"Sikuwa mimi, dada yangu. Waliniibia."

Akaweka ungo chini. "Na mimi nilihisi," akasema. "Nilihisi, nikaacha hasira inishinde. Ingia ndani, unatetemeka. Huku si Same."

Aleluya! Ndugu zangu, mnajua ni muda gani ulikuwa umepita bila mtu kuniambia ingia ndani? Nililia mpaka chai ikapoa. Yule mama alinishika mkono tu, hakuniambia nyamaza. Tulikaa hivyo mpaka Elionea akarudi kutoka shule, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikampa gauni lake. Alikwenda kulijaribu chumbani. Lilimbana kidogo mabegani, maana mtoto alikuwa amekua, na kipaimara kilikuwa kimeshapita. Lakini alitoka nalo uani, akazunguka nalo mbele ya mbuzi, na mama yake akapiga vigelegele peke yake mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Nililala kwao mpaka mwisho wa juma. Jumapili alfajiri Mama Elionea akasema hatanirudisha Same peke yangu. Akashuka nami. Ninyi mlimwona! Alisimama hapa hapa, na koti lake la baridi katika joto letu, akasema, "Mimi ni miongoni mwa walioibiwa. Aliyetuibia siye huyu. Huyu ameibiwa pamoja nasi, na ninyi mmemwacha alie peke yake." Kisha akakaa. Baada ya ibada akina mama mkaja mmoja mmoja. Bwana awabariki kwa hilo.

Sasa nisiwadanganye, maana ushuhuda si hadithi ya kupamba. Ule ukurasa sikuupata tena. Yule mtu hajakamatwa. Ile picha bado iko kwenye simu za watu, na wapo ambao wakiniona stendi wananong'ona. Nimeanza upya na ukurasa mpya, wateja wachache, wengi wao wa huko milimani, ambao Mama Elionea amewaambia habari zangu. Umeme bado unakatika. Upepo bado unachafua magauni yangu.

Lakini Bwana amenifungua! Amenifungua kutoka kwenye ukimya ule ambao nilidhani ndiyo maisha yangu yaliyobaki. Asubuhi hadi mchana nauza. Saa za jioni naiweka simu, natoa kigoda nje, mlango uko wazi. Akina mama wa jirani wameanza kunifundisha Kipare chao na wanakufa kwa kicheko. Nami nacheka. Wakati wa sikukuu napanda Bombo, na kule nina kitanda changu.

Asante Yesu, asante! Wewe uliyejua njia ya ile nyumba wakati mimi sikuijua!

Na wewe ndugu yangu, unayeongea na watu wengi kwenye simu na huna wa kukuuliza umekula nini. Wewe uliyesingiziwa, ukajifungia. Mtumaini huyu Mungu. Ukisikia anakusukuma uinuke, inuka, hata kama unakwenda kwa anayekuona mwizi. Na ninyi wengine, mkiona benchi lina mtu mmoja, sogeeni. Msisubiri mtu ashuke kutoka Bombo kuwaambia. Mimi leo baada ya ibada sina haraka ya kwenda popote. Nitakaa pale nje kwenye kivuli cha ukuta. Kama huna wa kuzungumza naye, njoo. Hata kama huna la kusema, njoo tu tukae.