Mwili Uliokesha Zamu Peke Yake

Hamjambo nyote. Wale wa kusema Bwana asifiwe, asifiwe, na ndugu zetu Waislamu tulio nao hapa, salaam aleikum. Mniwie radhi nikisitasita. Mimi ni kinyozi huko Ruiru, upande wa Gitothua, na kinyozi amezoea kusimama nyuma ya watu. Kusimama mbele yao namna hii ni kitu kigeni kwangu.

Nina mtoto mmoja, msichana. Mama yake alifariki msichana akiwa darasa la kwanza, na tangu hapo tumekuwa sisi wawili katika nyumba ndogo nyuma ya soko. Sisi sote hapa ni walezi wa watu wenye kifafa, kwa hivyo mengine sitayaeleza, mnayajua. Jumapili moja mchana alikuwa mezani akifanya homework. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga kabeji, redio iko juu, mpira unatangazwa. Sikusikia akianguka. Nilipokwenda kumwita tule, nilimkuta chini ya meza, midomo imebadilika rangi, mguu wake unapiga kiti. Sikujua alikuwa hapo kwa muda gani. Hilo ndilo lililonimaliza. Kuanguka kwenyewe ningekuvumilia, lakini kutojua alilala hapo kwa muda gani kulinikaa rohoni.

Redio niliizima siku hiyo na sikuifungua tena kwa miaka.

Nikawa mtu wa kusikiliza. Kijiko kikianguka, niko mlangoni. Akikohoa bafuni, nimeshagonga. Kazini niliweka simu kwenye mfuko wa shati, hapa kifuani, ndiyo ikitetemeka niihisi kabla haijalia. Majirani walinisifu sana. Walisema hawajaona baba kama huyu. Nami niliona ni kweli, nikaongeza bidii.

Msichana alikua. Dawa zikamkubali vizuri, akawa anamaliza muhula mzima bila kuanguka. Akamaliza shule, akaitwa chuo kule Juja, akapata chumba cha hosteli na msichana mwenzake ambaye alifundishwa la kufanya. Siku niliyomsindikiza nilifurahi kweli. Nilijiambia sasa nitapumzika.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hapo ndipo nilipoanza kuugua.

Nyumba ilikuwa kimya, na ule ukimya ulikuwa kama mtu amesimama nyuma yangu. Nilikula nimesimama, sahani mkononi, karibu na dirisha. Kanisani nikaacha kwenda kwa sababu ngoma za kwaya zilinipiga ndani ya mbavu. Mabega yalipanda yakakaa karibu na masikio. Meno yaliniuma, nikaenda kwa daktari wa meno, akaniambia meno hayana shida, ila nayasaga. Na sikuwa na mtu wa kumwambia. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Kwamba mtoto amepona, mimi ndiye mgonjwa?

Siku moja nilikuwa nanyoa mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio, pale pa kumalizia kwa wembe. Simu ikatetemeka kifuani. Mkono wangu uliruka kabla sijafikiri, na wembe ukamkata. Ilikuwa ni ujumbe wa matangazo tu, wa mambo ya bundles za intaneti. Damu ikashuka kwenye shuka nyeupe. Nilipoiona, moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, nikajua nakufa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikijitazama kwenye kioo changu mwenyewe. Yule mwalimu, akiwa ameshika tishu sikioni, ndiye aliyetoka nje akasimamisha pikipiki na kunipeleka hospitali.

Walinipima moyo. Mzima. Damu ikapimwa, ikawa safi. Daktari alisema kwa upole kwamba labda ni mawazo, nijaribu kupumzika. Niliona aibu zaidi kuliko kama wangenikuta na ugonjwa. Ndugu yangu akasema kuna kinyozi mwenzangu ameniendea kwa mganga. Mwingine akasema nioe. Nikawaacha. Nikaanza kunyoa kwa mashine peke yake, wembe nikaufungia kwenye droo, na mteja akiuliza namwambia nyembe zimeisha.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu hadi nilipokuja hapa. Nilianza kwenda Juja. Nilikuwa nafunga duka mchana, nashuka pale stage ya matatu, natembea hadi ng'ambo ya barabara mkabala na hosteli yake. Kuna kibanda cha kuuza miwa. Nanunua miwa, nasimama. Kutoka pale unaona kamba za kuanikia nguo kwenye roshani yao. Nikiona nguo zake zimebadilika, ile sweta ya kijani imetolewa na kitu kingine kimewekwa, najua leo ameamka na kufua. Moyo unashuka kidogo. Narudi Ruiru. Kabla ya kufika nyumbani umepanda tena.

Siku moja akanigundua. Nilikuwa natafuna muwa, nimeinua macho kwenye roshani, na yeye amesimama kando yangu na begi lake la vitabu.

"Baba," akasema, "unangoja nani?"

Nilisema nilikuwa napita. Hakubishana. Alininunulia maji, tukakaa kwenye ukingo wa mtaro wa barabarani. Akaniuliza kama nakula. Akanishika mkono. Halafu akaniambia maneno ambayo naomba mniruhusu niyaseme vile alivyoyasema.

"Nikianguka, nikiamka, kitu cha kwanza naona ni uso wako. Na huo uso wako, Baba, huwa unaniambia nimefanya kitu kibaya sana. Naanza kukuhurumia kabla hata sijajua niko wapi. Nilikuja kukaa huku nione kama naweza kuamka bila hiyo."

Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa ameyabeba hayo tangu utotoni, kimya, ili asiniongezee mzigo. Mimi nilidhani niko peke yangu katika nyumba ile, kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja peke yake.

Nilirudi Ruiru. Kesho yake nilimpigia simu nesi wa kliniki ambako msichana huchukua dawa. Sikujua pa kuanzia, nikasema tu, "Mgonjwa leo ni mimi." Hakucheka. Alinielekeza kwa kaunsela mmoja hapa Thika, mama wa makamo. Na ni huyo kaunsela aliyenileta kwenye kikundi hiki.

Nilitarajia aniambie nisiwe na wasiwasi. Wote walikuwa wameniambia hivyo. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Ukiwa umekaa hapa sasa hivi, vidole vya miguu yako viko namna gani?"

Nilimwangalia nikaona mama huyu amechanganyikiwa. Lakini nilipovisikiliza, nilikuta vimekunjwa ndani ya viatu, vyote, kama vinashika sakafu isinikimbie. Sikuwa najua. Ulimi nao ulikuwa umekwama juu kwenye kaakaa. Tumbo limekazwa. Pumzi inafika hapa kooni, inageuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na sikujua kinachoendelea ndani ya viatu vyangu.

Akanieleza vile mwili unavyofanya kazi. Akasema ndani yetu kuna soja, kama yule mlinzi wa usiku langoni. Kukiwa na hatari anaamka, anapeleka damu kwenye mikono na miguu, anafanya moyo ukimbie, ndiyo uweze kumwokoa mtoto wako. Hatari ikiisha anapaswa kupumzika. "Lakini soja wako hajawahi kupokewa zamu," akasema. "Amekesha miaka yote hiyo. Sasa mtoto ameenda, na hakuna aliyemwambia. Anasikia ukimya, na kwake ukimya ni ile Jumapili."

Nililia pale kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeuchukia mwili wangu, nikiona umenisaliti, na kumbe ulikuwa unafanya kazi niliyoutuma.

Msidhani nilipona siku hiyo. Kwanza alinifundisha kufunga macho na kupumua polepole, na nikawa vibaya zaidi, moyo ukaruka, nikataka kutoka nje. Akasema basi tufungue macho. Kwa wengine wetu kufunga macho ni kama kumwambia soja alale langoni. Kwa hivyo nilijifunza macho yakiwa wazi: natazama ukuta, natazama dirisha, naruhusu shingo igeuke polepole ione kwamba chumba ni chumba tu. Nakanyaga sakafu hadi niisikie. Natoa pumzi ndefu kama mtu anayepoza chai, bila kuivuta kwa nguvu.

Ilinichosha. Kuna wiki niliona ni upuuzi. Kilichonisaidia ni kazi yangu. Mteja akija na shingo imekakamaa, huwa simkaripii. Naweka kiganja nyuma ya shingo yake, nangoja. Baada ya kitambo anapumua mwenyewe, kichwa kinakuwa kizito mkononi, nami naendelea. Nimefanya hivyo kwa vichwa visivyohesabika, na hakuna siku niliwahi kujiwekea mimi mkono. Kwa hivyo nikaanza. Duka likiwa tupu nakaa, naweka kiganja hapa shingoni, mkono mwingine kifuani, nangoja. Siku za kwanza nilihisi upweke mkubwa sana, mtu kujishika mwenyewe. Lakini hata huo upweke niliuhisi ulipo, ulikuwa hapa chini ya mbavu, baridi, na nikaacha ukae. Nikatoa simu mfukoni nikaiweka kwenye rafu. Nikafungua redio, sauti ndogo, dakika chache, nikazima. Soja akalalamika. Nikamwambia najua.

Likizo ya Aprili msichana alikuja nyumbani. Daktari alikuwa amembadilishia kipimo cha dawa. Mchana mmoja alikuwa nje kwenye mfereji wa plot, lile bomba la wapangaji wote, akijaza mtungi, mimi niko mlangoni. Nilimwona akisimama, macho yakienda mbali, na akaanguka.

Vidole vya miguu vilikunjwa. Pumzi ikakwama kooni. Safari hii nilivijua vyote viwili, kama watu ninaowafahamu. Nilikanyaga chini, nikatoa pumzi, nikaenda. Sikukimbia, nilitembea haraka. Nikavua sweta nikamwekea chini ya kichwa, nikasukuma mtungi kando, nikatazama saa. Jirani yetu mmoja alikuja na kijiko akitaka kukiweka mdomoni mwa msichana. Nilimwambia, "Hapana, mama. Kaa tu na sisi." Akakaa. Mikono ya msichana ilipotulia nikamgeuza kwa ubavu. Maji yalikuwa yakimwagika yakitulowesha magoti, na mimi nilikuwa nimeweka mkono begani kwake, nangoja.

Alifungua macho. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu. Mimi sikujua uso wangu ukoje, sikuwa na kioo. Kisha akauliza, "Maji imejaa?"

Nikamwambia imejaa. Akafunga macho akalala hapo juu ya sweta yangu, na ni jirani aliyefunga mfereji.

Nilipomlaza ndani nilienda nyuma ya nyumba nikatetemeka mwili mzima, magoti, taya, kila kitu. Zamani ningejizuia. Sikujizuia. Nilisimama nimeegemea ukuta uliopashwa na jua hadi kutetemeka kukaisha kwenyewe. Halafu nikahisi njaa. Niliingia nikapika, nikakaa chini, nikala.

Msichana amerudi Juja. Ananipigia akitaka, na mimi huko kwa muuza miwa siendi tena. Wembe nimeutoa kwenye droo. Siwadanganyi kwamba nyumba imejaa. Jioni nyingine bado ni kimya, na kuna siku mabega yanapanda nisijue hadi nione kwenye kioo cha duka. Tofauti ni kwamba sasa nayaona.

Namshukuru mwalimu aliyenipeleka hospitali akitokwa damu niliyomtoa mimi, na ambaye bado ananipa kichwa chake. Namshukuru nesi ambaye hakucheka, na yule mama kaunsela. Nawashukuru nyinyi mliokubali nikae hapa muda mrefu bila kusema kitu. Msichana wangu namshukuru peke yake, na nimeshamwambia.

Kama kuna nililojifunza ni hili. Daktari muoneni kwanza, moyo upimwe, na dawa za mgonjwa wako usizibadilishe bila daktari. Lakini ukiambiwa uko mzima na bado mwili unapiga kelele, usiukaripie. Uulize unamlinda nani. Sisi walezi tunajua kila dalili ya mtu mwingine, rangi ya midomo yake, vile jicho linavyogeuka, na miili yetu hatujui hata inakaa wapi.

Sasa naomba kila mtu, pale alipo, asikilize vidole vyake vya miguu. Msiangaliane. Msiseme kitu. Kama umevikuta vimekunjwa, usivilazimishe. Mimi nitakaa chini hapa mbele, na tutangoja pamoja.