Mama Upepo na Kibao cha Bondeni

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mama Upepo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa fundi wa injini na mkunga.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo relini, akafika chuo kikuu, na mwaka 1992 alihitimu kemia. Jikoni tusimpambe: aliunguza hata chai.

Mwaka 1994 aliajiriwa kwenye kiwanda cha klorini. Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa kompyuta: tangi likipasuka, gesi itaelekea wapi, itamfikia nani na itamdhuru vipi. Nyumbani alituimbia mpaka tukachoka: "Klorini ni nzito kuliko hewa, inajaa bondeni. Ukiinusa, usifuate upepo, ukate kwa pembeni, panda juu." Sasa, kibao cha mahali pa kukusanyika wakati wa hatari kilisimikwa wapi? Bondeni, nyuma ya ghala. Akaomba kihamishiwe kilimani. Meneja akamjibu, "Mama, kule hakuna kivuli, watu watalalamika jua." Aliyefuata akasema, "Tumekipaka rangi juzi tu." Mameneja walipita, kibao kikabaki. Inaudhi, na sitaficha kwamba inaudhi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na shemeji yetu, fundi seremala. Siku hiyo, akiwa na shela lake, alilowesha kidole, akakiinua juu, kisha akawahamisha wageni wote ili moshi wa jenereta usiwafikie. Mama mkwe akauliza, "Jamani, huyu tumeoa au tumeajiri?" Lakini hakuna aliyekohoa.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2021. Mwenzake wa kazini alipokwenda kumtazama wodini, dada hata salamu hakuitikia. "Kibao?" "Bado, mama." Akageukia ukutani. "Basi mnizike juu." Alifariki tarehe 2 Juni 2024 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Ndiyo maana tumewapandisha mlima huu. Tunamshukuru meneja wa sasa kwa kupanda nasi na kwa shada lake zuri. Kutoka hapa, kibao kinaonekana vizuri. Shemeji amechonga kingine, kiko kwenye gari. Tukimaliza kuzika, tunaomba tufunguliwe geti la kiwanda.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja, na sisi wadogo zake watatu. Kibao kikihama, dada yetu atapumzika kwa amani.