Mguu Ulikuwa Wapi? Miaka Arobaini na Mmoja ya Fundi Ikuta

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bwana Ikuta Shigemitsu, fundi mkuu wa pikipiki katika Shule ya Udereva ya Minamidani, atafunga karakana yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi. Alianza Aprili 1983, akiwa na miaka ishirini na minne na sanduku la spana alilorithi kwa mjomba wake. Tangu hapo wakuu wa shule watano wamekuja na kuondoka. Ikuta-san, kama tunavyomwita kwa heshima, amebaki, na jaketi lake la kazi nalo limebaki, ingawa mikono ya jaketi imeshonwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayekumbuka rangi ya mwanzo.

Kamati ya sherehe ya kumuaga imeniomba mimi niandike kwa kuwa ndimi ninayesimamia kitengo cha pikipiki. Nimekubali, lakini msomaji ajue kwamba nina upande. Ndani ya mguu wangu wa kulia, chini ya goti, mna bamba la chuma na skrubu sita. Daftari la Ikuta-san lina maanguko 2,314 ya wanafunzi wa shule hii, na kati ya hayo lipo moja tu ambalo hakuwahi kulielewa. Ni langu.

Hapa kwetu watu huanguka polepole. Huanguka kwenye ubao, ule wa upana wa sentimita thelathini na urefu wa mita kumi na tano, ambao mwanafunzi anatakiwa auvuke kwa sekunde zisizopungua saba. Huanguka kwenye zile kona mbili za mraba, mtu anaposhika breki ya mbele huku usukani umekunjwa. Mwendo wenyewe ni wa mzee anayekwenda sokoni kununua tofu. Lakini pikipiki ya kilo mia mbili ikikulalia kwa mwendo huo, bado ni kilo mia mbili.

Ndiyo maana pikipiki zetu zote zina bampa, yale mabomba ya chuma yaliyopindwa yakatokeza kushoto na kulia, mbele kidogo ya miguu ya dereva. Pikipiki ikilala, bampa ndiyo hugusa lami kwanza. Hilo kila mtu alilijua. Ambalo hakuna aliyelijua, mpaka Ikuta-san alipoanza kuwasumbua watu, ni kama bampa humkinga dereva au huikinga pikipiki tu.

Zamani hata yeye hakujiuliza. Shida iliyokuwa ikimkera ilikuwa nyingine. Sheria ya shule, tangu enzi za mwanzilishi, ni kwamba aliyeangusha ndiye anayeinua. Dirisha la karakana linatazama uwanjani, na kutoka hapo Ikuta-san aliwaona wanawake wafupi wakihangaika na chuma kilicholala chini mpaka wakakata tamaa. Muuguzi mmoja, Bi Kageyama, hakuzidi sentimita mia na arobaini na nane. Alivuta kwa nusu saa, kisha akaiinamia pikipiki kwa heshima kama anayeaga mgeni, akaenda zake na hakurudi.

Mwaka 1998 Ikuta-san alirefusha bampa zote kwa sentimita sita kila upande. Pikipiki zikawa zinaanguka nusu tu, zimeegemea bampa, na mtu wa kimo chochote akawa anaziinua. Idadi ya wanafunzi wa kike iliongezeka maradufu kabla mwaka haujaisha. Mikono ya klachi ikaacha kuvunjika. Mkuu wa wakati huo alimpa hati ya pongezi, na Ikuta-san akaitumia kufunika kopo la rangi.

Siwezi kuandika juu ya karakana nisiitaje mitungi miwili. Mmoja ni wa vitunguu vya siki vya mke wake, mwingine ni wa bolti zilizolowekwa kwenye mafuta. Yote miwili ni ya kioo, iko rafu moja, na vifuniko ni vya rangi moja. Kila mwalimu mpya huonja mafuta mara moja. Ikuta-san husema ndiyo mafunzo ya kutazama kabla ya kushika.

Oktoba 2006 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika banda letu la kufungashia mapeasi, na Mama alikuwa amenikataza pikipiki kwa lugha zote anazozijua. Nilikuja hata hivyo. Asubuhi hiyo Mwalimu Adachi, ambaye sasa amestaafu, alikuwa amenikaripia mara tatu. "Yonehara, miguu ndani. Wewe ni dereva au bata?" Kwenye kona ya pili nikashika breki, pikipiki ikalala kulia, na nikasikia mlio kama wa tawi kavu.

Siku ya tatu Ikuta-san alikuja hospitalini amevaa suti, amebeba mapeasi. Alituletea mapeasi sisi, wakulima wa mapeasi. Mama aliyapokea akayaweka chini ya kitanda. Kisha mgeni akafungua furushi jingine la kitambaa, ndani mna bampa yenyewe imechubuka, akaiweka juu ya shuka langu.

"Yonehara-san, samahani. Ilipolala, mguu ulikuwa wapi?"

"Mgonjwa hata hajala, wewe unamletea vyuma," Mama alisema.

"Nisamehe, mama. Ni swali hilo moja."

Nikamjibu kwamba mguu ulikuwa mahali pake, juu ya kikanyagio. Aliandika. Akainama sana, akakaa hivyo kwa muda. "Basi ni bampa yangu iliyokuvunja," akasema.

Kwa siku mbili zilizofuata karakana ilitoa cheche tu. Bampa za pikipiki zote kumi na mbili zilikatwa zile sentimita sita. Pikipiki zikarudia kulala chini kabisa, na kufikia Desemba wanawake wanne walikuwa wameacha masomo. Mmoja wao alimsimamisha Ikuta-san getini. "Dada yangu aliiinua mwaka jana, tena mimi ndiye mrefu. Nina kasoro gani?" Swali hilo lilimuuma kuliko lawama.

Hapo ndipo udadisi wake ulipopata makazi. Alifungua daftari la maanguko la shule akakuta safu za kioo, indiketa, tangi na mkono wa breki. Miguu haikuwa na safu. Akanunua daftari jipya, akachora safu kwa rula, akaniandika mimi mstari wa kwanza, na tangu siku hiyo kila aliyeanguka alimwona mzee akija mbio na penseli: mguu ulikuwa wapi? Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mwanafunzi mmoja, bado amekaa juu ya lami, alimjibu: "Ulikuwa mwilini mwangu, mzee. Niache nipumue kwanza." Jibu hilo limo daftarini, limeandikwa kama lilivyo.

Maswali hayakumtosha. Akatengeneza mguu wake mwenyewe: figili nyeupe nene, ndani kapitisha kijiti cha mwanzi, nje kavisha soksi na kiatu kikuukuu cha Mwalimu Adachi. Akawa anaufunga kwenye pikipiki na kuiangusha, mara mguu uko juu ya kikanyagio, mara umetupwa nje. Figili zilizopondeka zilikwenda jikoni. Majira mawili ya baridi wafanyakazi walikula figili za kuchemsha, mpaka Mkuu wa wakati ule, marehemu Tokuyasu, akasema mkutanoni: "Ikuta-san, utafiti uendelee, ila jaribu na kabeji."

Alichokigundua leo tunakifundisha kila mwezi. Bampa huiokoa pikipiki karibu kila mara. Mguu huuokoa ukiwa mahali pake, kwa sababu inaacha uwazi kati ya injini na lami. Mguu uliotupwa nje na mbele, bampa ndefu inaweza kuushukia. Na pasipo bampa kabisa, kinachobanwa ni kifundo cha mguu. Nilipomuuliza kama basi bampa inasaidia au haisaidii, alifikiri hadi chai yake ikapoa. "Chuma hakiondoi uzito," alisema. "Kinauchagulia pa kutua."

Mwaka 2009 akafunga bampa za aina yake: fupi mbele, na nyingine ya pili nyuma ya kikanyagio, ili pikipiki iegemee sehemu mbili na mguu ubaki huru. Wafupi wakaanza tena kuinua. Akamshawishi Mkuu pia somo la kwanza libadilike, mwanafunzi ajifunze kuanguka juu ya godoro kabla ya kujifunza kuinua. Tangu mwaka huo hatujapata mfupa hata mmoja uliovunjika uwanjani. Bi Kageyama alirudi akiwa na miaka hamsini na mitatu, akapata leseni, na alipopita getini na pikipiki yake mwenyewe Ikuta-san alitoka karakanani na kupiga makofi peke yake.

Ule mstari wa kwanza tu ndio uliokataa. Unasema: Yonehara, kulia, bampa ndefu, mguu kwenye kikanyagio, umevunjika chini ya goti. Pembeni kuna neno la penseli, "haiwezekani," na chini yake, "rudia." Kila Oktoba aliifunga ile bampa ya zamani na kurudia. Figili iliyokaa kwenye kikanyagio haikupondeka hata siku moja. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza masomo, nikaajiriwa hapa mwaka 2010, na nilikuwa nikimwona kutoka chumba cha walimu. Mwalimu kijana aliwahi kumwambia mbele yangu kwamba huenda mwanafunzi hakukumbuka vizuri. Ikuta-san alimjibu kwa ukali ambao si wake: "Aliyeanguka ni yeye. Wewe ulikuwepo?" Mimi nikajimiminia chai.

Alhamisi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda karakanani nikamkuta anafunga mizigo. Ile bampa ndefu ilikuwa imelala ndani ya boksi, juu yake figili tatu mbichi. Nikamuuliza anazipeleka wapi.

"Nyumbani. Sasa nitakuwa na muda. Miaka yote hii sijalipata kosa, huenda ni la figili."

Nilikuwa nimekwenda kumuuliza anataka maua ya aina gani siku ya sherehe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na saba, na ilifika mwisho wake mbele ya boksi lile.

"Ikuta-san, ziache figili. Mguu haukuwa kwenye kikanyagio. Niliutoa nje, mbele. Mwalimu Adachi alikuwa amenikanya mara tatu, na uliponiuliza hospitalini Mama alikuwa amekaa pale pale. Niliona aibu. Nikakwambia uwongo, ukakata bampa zote, na wale wanne wakaacha shule kwa sababu yangu."

Nilingoja anifokee. Ningefurahi kama angenifokea. Akaenda kuchukua daftari na penseli.

"Mbele kiasi gani?"

"Hivi," nikamwonyesha.

"Usinionyeshe kwa mkono. Panda."

Alifunga bampa ya zamani kwenye pikipiki namba saba, mimi nikapanda, nikatoa mguu kama siku ile, naye akalala chali kwenye sakafu ya saruji na futi yake ya kupimia, mzee wa miaka sitini na mitano, akiniagiza nisogeze kisigino kidogo, tena kidogo. "Thelathini na moja," akasema. Akaiinamisha pikipiki taratibu nikiwa juu yake, kaishika kwa mikono yote miwili, mpaka bampa ikagusa suruali yangu mahali pale pale penye kovu. Akaisimamisha tena.

Kisha akakaa juu ya sanduku la spana. "Nilidhani bampa inaweza kufanya kitu nisichokiona," alisema. "Kila mwanafunzi aliyepanda, nilikuwa naogopa."

Nikamwomba msamaha. Maneno yalinitoka vibaya na nililia, nami si mtu wa kulia kazini.

"Subiri," akasema, tayari anaandika. "Zile sentimita sita ni zangu. Bila hizo isingekufikia, hata ungenyoosha mguu hivyo. Mguu wako, sentimita zangu. Tulivunja wawili." Akafuta neno "haiwezekani" na kuandika hilo mahali pake, pamoja na tarehe.

Nilimwomba ruhusa niyaweke haya hadharani. Alisema niandike, mradi vipimo viwe sahihi. Ni sahihi, amevisoma mwenyewe.

Ikuta-san, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, na wanafunzi elfu mbili na zaidi waliosimama wakajikung'uta vumbi wakaenda nyumbani kwa miguu yao, tunakushukuru. Mimi nakushukuru kwa kuwa uliniamini miaka kumi na saba nisiyostahili. Tunakutakia wewe na mama nyumbani afya, asubuhi ndefu, na usingizi wa mtu aliyemaliza hesabu zake.

Yonehara Chisato
Msimamizi, Kitengo cha Pikipiki