Mama Tanbihi na Kitabu Kilichokuwa Karibu Kwisha

Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha fasihi ya Kihispania katika idara yetu, Mama Tanbihi anastaafu. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida hili nimsifu. Nitamsifu, ila kwanza niseme ukweli: mwanamke huyu amenichosha.

Alianza akiwa mhadhiri msaidizi katika chumba namba tisa, chenye dirisha lisilofungika na meza mbili, moja yake na moja yangu. Wakati huo somo lake lilikuwa kipindi kimoja kwa wiki. Yeye ndiye aliyelikuza likawa kozi ya miaka mitatu: tamthilia za Uhispania ya kale, riwaya za Amerika ya Kusini, mashairi ya wafungwa na ya wapenzi. Jina la Mama Tanbihi alibandikwa na wanafunzi, maana hakuna tanbihi aliyoiamini kabla ya kwenda maktaba kukifungua kitabu chenyewe. Makala yangu niliyojivunia kuliko zote aliirudisha na masahihisho ishirini na sita ya wino mwekundu. Nilimnunia wiki nzima, kisha nikaenda maktaba. Ishirini na matano yalikuwa sahihi. Kuhusu lile moja, aliniambia nikasome toleo la pili la kitabu nilichokinukuu.

Lakini kilichonitoa jasho ni kitabu chake. Miaka kumi na tisa amekuwa akiandika kitabu cha kiada cha fasihi hiyo kwa Kiswahili. Kila nikimwuliza, ni karibu kwisha, bado kidogo tu. Mara tatu kilifika kwa mchapishaji, mara tatu akakifuata na kukirudisha. Safari moja ni kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliuliza: katika kumbukumbu za wale Wahispania waliovuka bahari kuiteka Amerika, maneno ya wenyeji waliouawa aliyaandika nani? Mwingine angemwambia swali zuri, tutalirudia. Yeye alichana sura nzima, akaiandika upya kwa miaka miwili. Sura mpya ni bora mara kumi. Hilo ndilo linaloudhi.

Huku nyuma wakubwa wetu wakawa wananoa kisu. Mwezi wa Machi mkuu wa kitivo alitangaza kikaoni kwamba kozi isiyo na kitabu cha Kiswahili itafutwa pindi mhadhiri wake akistaafu. Akaongeza, bila hata kuona haya, kwamba anayetaka mambo ya Wahispania atayakuta mtandaoni. Kana kwamba fasihi ya nchi ishirini ni ratiba ya ndege! Na watu wazima, wenye shahada ukutani, wakaitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani kwake. Mumewe, fundi cherehani, alinifungulia mlango na kuniambia, shemeji, kama nimefuata yale makaratasi atanibebea mwenyewe mpaka kituoni, maana meza yake ya chakula aliiona mara ya mwisho kitindamimba wao akiwa darasa la tatu. Mama Tanbihi akasema yapo maswali hajayajibu. Nikamwambia, kwa sauti iliyowafikia majirani, kwamba kitabu kinachongoja maswali yaishe kitasomwa na mende, na wanafunzi wake kumi na wanane watasukumwa kwenye kozi wasiyoichagua.

Aliuvuta muswada mbele yake. Kisha akachukua kalamu, akayaandika kwenye ukurasa wa mwisho maswali tisa yaliyomshinda, na juu yake akaweka kichwa: Kazi kwa Msomaji. Akaufunga muswada kwa kamba na kunisukumia.

Mchapishaji ameupokea. Kozi imebaki kwenye ratiba. Na juzi Jumatano alikuja kwangu kuomba nimchukulie sura ya mwisho kwa mchapishaji, kwa siku mbili tu, kuna jambo amelikumbuka. Nimemnyima.

Asante, Mwalimu, kwa kila tone la wino mwekundu. Tunakuombea afya, na asubuhi ndefu za kusoma bila kalamu mkononi. Maswali tisa sasa ni yetu, na sura ya mwisho hurudishiwi.