Ngoma Thelathini na Moja za Mzee Kwamena

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou, China, mlangoni pa ofisi yangu ya kago: benchi moja, viti viwili vya plastiki, na robota la suruali ambalo mwenyewe kalisahau tangu Pasaka. Kahawa anatoa Mwanakhamis wa Unguja, mwenye duka la madira ubavuni mwetu. Chupa moja kila alasiri, ikiisha imeisha. Mimi naitwa Kontena, na jina hilo sikupewa kwa unene. Hakuna mzigo wa Mswahili unaotoka Guangzhou bila mkono wangu kuugusa. Mmoja ulitoka bila mimi, mpaka leo haujafika. Basi juzi tulikuwa wanne, na nyuma yetu ngoma thelathini na moja zimepangwa ukutani kama watu wanaosubiri viza. Moja ilikuwa ya marehemu Mzee Kwamena, mpiga ngoma wa Ghana aliyefia hapa hapa mjini mwaka jana, nyumbani kwa binti yake Efua. Thelathini zilizobaki zilizaliwa kiwandani wiki iliyopita. Ipi ni ipi, hakuna aliyejua, na binti alikuwa anakuja saa kumi kuchukua ya baba yake.

— Hebu tueleze tena, Sampo, nikasema. Polepole.

Sampo ni Burhani, mtu wa Kariakoo. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila sampo, yaani sampuli, ya kitu mfukoni.

— Nimeeleza mara tatu! Dada Efua kaniazima ngoma wiki mbili. Nikaipeleka kiwandani watengeneze za mfano wake, nikauze mashuleni Dar. Nikamwambia laoban, bosi wao: fanya hivi hivi, usibadilishe kitu.

— Hata kiraka?

— Kiraka sikukitaja!

— Hapo ndipo ulipoharibu, akasema Nikodemu. Kiwanda ukikipa sampo, kinakurudishia sampo. Mimi niliwapa kiatu chenye doa la chai. Nikapokea jozi mia nne, zote zina doa la chai.

Nikodemu ni wa Mwanza, aliacha ualimu akaingia kwenye viatu, ndiyo maana tunamwita Profesa. Na alisema kweli. Kila ngoma pale ukutani ilikuwa na kiraka cha ngozi pembeni, alama ya moto chini, kamba nyekundu iliyopauka, mpaka pale mbao ilipolika kwa goti la mzee. Zote zimepakwa uzee.

— Na ya marehemu wakaichanganya humo humo?

— Wakaichanganya. Nikauliza, ya kwangu ipi? Laoban akacheka, akasema zote za kwako.

Mwanakhamis akammiminia kahawa, akamwekea na kashata.

— Kunywa, baba. Kulia utalia baadaye.

— Tutaijua kwa sauti, akasema Profesa. Yule mzee si mtu mdogo. Ndiye wa kwanza kwao kuileta ngoma mbele ya bendi, bega kwa bega na gitaa na tarumbeta. Kabla yake mpiga ngoma alikaa nyuma, karibu na mlango wa choo.

— Hilo kweli, akasema Mwanakhamis. Efua mwenyewe kanambia.

— Nusu ya wapiga ngoma wa dunia hii wamemwiga yeye, wengine hawajui. Akipiga, askari kwenye gwaride wanapoteana miguu. Gavana akampiga marufuku siku za sikukuu.

— Gavana gani?

— Wa kule.

— Basi hujasikia ya Unguja, akasema Mwanakhamis. Alipiga kwenye harusi, mvua ikashuka nusu, ikasimama hewani inamsikiliza.

— Wewe uliona?

— Shangazi yangu alilowa kichwa tu.

Niliona wananichezea uwanjani kwangu.

— Nyie mmesimuliwa, nikasema. Mimi nilikuwepo. Mwaka themanini na mbili, Morogoro, nilimbebea ngoma hii hii kutoka stesheni mpaka ukumbini. Alipoanza kupiga, saa ya ukutani ikaacha mwendo wake, ikafuata wa kwake. Usiku ule Morogoro kulikucha mapema kwa dakika arobaini. Kuna watu mpaka leo wanadai usingizi wao.

— Themanini na mbili ulikuwa na umri gani, Kontena?

— Mkubwa kuliko miaka yangu.

— Kwa hiyo sauti ya ngoma yake unaijua, akasema Sampo, uso ukimng'aa.

— Hata nikiwa nimelala.

— Kaka, nichagulie. Nakuomba.

Nikainuka. Nikagonga moja, nikagonga nyingine, nikakunja uso kama daktari.

— Hii.

Sampo akaikumbatia. Profesa, ualimu haujamtoka, akasema:

— Fumba macho. Tutapiga sisi, wewe uitaje tena.

Nikataja nyingine. Wakarudia, nikataja ya tatu.

— Kichwa kinaniuma leo, nikasema. Sikilizeni, mpeni yoyote. Anaruka kesho alfajiri. Hatajua.

Mwanakhamis akaweka kikombe chini.

— Mwenzio anaipeleka kwao, kaka yake aipige siku ya kumbukumbu ya baba. Utampa kitu cha wiki iliyopita?

— Nimesema hatajua.

— Wewe utajua.

Saa kumi kamili Efua akafika, kitenge cheusi, begi tupu begani. Kaolewa na mtu wa Tanga, Kiswahili chake safi kuliko cha Sampo.

— Habari za hapa, wazee wangu?

Sampo akasimama, akamweleza yote bila kuficha kitu, macho chini. Efua hakupiga kelele. Akazitazama ngoma kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, akagusa kiraka, akagusa kiraka kingine.

— Baba alikuwa mtu wa safari, akasema. Nyumbani alirudi kupumzisha mikono. Na alipokuja kukaa kwangu, mikono ilikuwa imeshakataa. Hii ngoma mimi niliifuta vumbi tu, sikuwahi kumsikia akiipiga. Kati yenu, nani alimsikia?

Profesa akatazama viatu vyake. Mwanakhamis akatazama chupa.

Nikafungua mdomo. Morogoro ilikuwa tayari ulimini, na stesheni yake, na saa yake ya ukutani. Dada yule akanigeukia haraka, ameshika kamba za begi kwa mikono miwili, ananisubiri mimi.

Nikafunga mdomo.

— Kahawa, dada? nikasema.

Mwanakhamis akainamisha chupa, yakatoka matone mawili na masimbi ya kahawa.

Efua akaketi juu ya robota la suruali. Akaivuta ngoma ya kwanza katikati ya magoti, akaipiga mara moja, akasikiliza mpaka sauti ikaisha. Akaiweka kando, akavuta ya pili.