Majirani Watatu wa Dakika

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta kati ya kibanda cha kinyozi na duka la fotokopi, na anayekalia upande wa tofali hana ruhusa ya kucheka kwa nguvu. Siku hiyo upande huo aliukalia Dakika, fundi saa, na kucheka hakukuwa kwenye ratiba yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika nchi hii ya ugenini, lakini miaka ya kupewa mmoja mmoja, kama mtoto anavyopewa peremende asimalize zote. Jina la Dakika alibandikwa wiki ya kwanza tu, kwa kuwaambia wateja "dakika moja tu" na kukaa na saa zao mpaka wakasahau kwamba waliwahi kujua wakati. Sasa kibali chake cha ukaazi wa muda kilikuwa kinaisha leo. Asubuhi karani wa dirisha namba nne alipokea fomu, picha na alama za vidole, kisha akamrudisha: mwaka huu inatakiwa barua ya majirani watatu wenyeji wanaomfahamu. Zamani ilitosha barua ya mwenye nyumba wake, lakini mwenye nyumba amehamia mbali kwa binti yake. Dirisha hufungwa saa tisa. Muda huo ilikuwa saa nane kasorobo, kwa mujibu wa saa nne kati ya saba alizokuwa nazo mfukoni.

— Majirani watatu tu? — akasema Kipara, kinyozi asiye na hata unywele mmoja, ndiyo maana wateja wanaamini hana upendeleo. — Si sisi hapa? Tatizo liko wapi?

— Tatizo ni kuandika — akasema Dakika.

— Kuandika niachie mimi — akasema Profesa. Huyu hajawahi kufundisha popote; kazi yake ni kusoma gazeti kwa sauti, hata likiwa la mwezi uliopita. Akachomoa kalamu sikioni. — Lakini kwanza tujiulize. Kwa nini wanampa mwaka mmoja mmoja?

— Profesa, saa inakwenda!

— Haraka haraka haina baraka.

— Na dirisha likifungwa, ndiyo baraka yenyewe?

— Mie najua sababu — Kipara akadakia. — Ni masikio. Kila mwaka picha mpya, na masikio yote mawili yaonekane. Mimi ndiye ninayemnyoa kabla ya picha, naambiwa usifunike sikio. Sikio la mtu haliachi kukua, bwana. Wanalipima. Likifika kipimo, unapewa kibali cha kudumu.

— Kipimo gani?

— Hiyo siri ya serikali.

Dakika akajikuta analishika sikio lake.

— Masikio wapi! — Profesa akatikisa kalamu. — Ni dirisha. Mmeona lilivyo chini? Mtu mzima unaongea na karani kama unatafuta kiatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Wanahesabu umeinama mara ngapi.

— Ameinama mara kumi na moja.

— Wao wanataka kumi na mbili.

— Nyote hamna mnalojua — akasema Shangazi, mwenye birika la kahawa, shangazi wa mtaa mzima bila kuwa dada wa baba wa mtu yeyote. — Lile jengo ukuta wa nyuma una ufa. Unashikiliwa na mafaili. Wakimpa cha kudumu, faili lake linatolewa, jengo chini. Dakika ndiye nguzo.

— Haba na haba hujaza kibaba — Kipara akaunga mkono.

Wakacheka, benchi likayumba, na Dakika akalizuia tofali kwa kisigino bila hata kuangalia, kama afanyavyo kila siku.

— Haya, andika — Shangazi akakata kicheko. — Huyu akikosa leo, wiki ijayo anafunga mizigo.

Profesa akaandika huku akisoma: 

— "Sisi tuliotia saini hapa chini tunamfahamu huyu bwana kwa miaka kumi na mmoja..."

— Weka kwamba hatii sukari kwenye kahawa lakini lazima apewe kijiko — akadakia Shangazi.

— Cha nini?

— Cha kukoroga. Anadai kahawa isiyokorogwa haijaamka.

— Weka goti la kushoto. Mvua ikikaribia, linampa taarifa.

— Weka kwamba nilipolazwa — Kipara akasema, sauti ikashuka — alikaa na mimi siku sita. Nesi akamuuliza, wewe ndugu yake wa upande gani? Akajibu, upande wa tofali.

Dakika akachungulia kikombe chake kama kuna saa mbovu humo ndani.

— Weka kwamba saa ya marehemu mume wangu hajaitengeneza — akasema Shangazi.

— Shangazi, unamharibia!

— Nilimkataza mwenyewe. Nilitaka ibaki ilipoishia. Basi kila mwaka anaifungua, anaisafisha, anaifunga. Andika.

Profesa akaandika, akafuta jicho kwa madai ya vumbi, akamalizia:

— "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kamba imeshalegea na kuku bado yupo."

— Umemwita kuku mbele ya serikali!

— Ni methali, Kipara. Tulia.

Barua ikapitishwa duka la fotokopi ichapwe. Dada wa pale alikuwa ameanza kazi jana. Aliisoma mpaka mwisho, akatoka nayo nje.

— Kijiko nimekiona. Goti, saa, kuku, vyote nimeviona. Mtu mwenyewe anaitwa nani?

— Dakika! — wakajibu wote watatu.

— Jina lake.

Kipara akamtazama Profesa. Profesa akaitazama kalamu. Shangazi akalitikisa birika, nalo likawa tupu.

Dakika akataka kuwacheka. Ndipo yule dada akamgeukia yeye.

— Na hapa chini, majirani zako? Niandike Kipara?

Naye Dakika akachomoa saa moja mfukoni, akajifanya anaitia ufunguo.

Vitambulisho vikatoka mifukoni kwa aibu, kama watu wanaovua viatu wenye soksi zilizotoboka. Shangazi aliziba mwaka wa kuzaliwa kwa kidole gumba. Kipara alikuwa na jina zito la heshima, jina la mtu mwenye nywele. Kibali cha Dakika kikapita mkono kwa mkono, Profesa akakisoma kwa sauti mara mbili kama gazeti.

— Jina zuri hivi — akasema Shangazi — ulilificha wapi?

Saa tisa kasorobo walikuwa ukumbini wote wanne, wameketi kwenye viti vyenye miguu iliyokamilika, na hakuna aliyekuwa na raha navyo. Dirishani karani aliisoma ile barua polepole. Alipofika kwa kuku akaziba mdomo. Kisha muhuri ukasikika, na karani akainua kibali ambacho wino wake haujakauka, akaita jina.

Hakuna aliyeinuka.

Akaita tena. Dakika akageuza shingo huku na huku kwa huruma, kumtafuta huyo maskini anayekosa zamu yake.

— Dakika! — Kipara akapaza sauti, ukumbi mzima ukageuka. — Si wewe huyo!

Dakika akaruka, goti likalia.

— Nakuja, mama, nakuja! Dakika moja tu!