Mashine ya Koleta

Tangu lami ifike Same, hajazaliwa mtu mwenye jicho la kutafuta kama langu mimi Hamidu, mhudumu wa ofisi hii, kidato cha pili kasoro mtihani. Kitu alichokitafuta Mzee Elibariki Mrutu kwa miaka zaidi ya ishirini, mimi nilikipata mchana mmoja, tena nilikuwa nimekwenda kupunguza suruali. Ndiyo maana kamati ya kumuaga imenipa kalamu mimi na kuwanyima wenye diploma zao. Wavumilie.

Mzee Elibariki anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, yote masjala. Alishuka kutoka Chome, kule milimani, kijana mbichi, amevaa koti la baridi. Koti hilo analivaa mpaka leo kwenye joto hili la Same, sisi ndio tunaomtolea jasho.

Dirishani kwake hakuna aliyepata faili bila shikamoo. Ukija na haraka zako alikuangalia tu, kisha akasema, "Wewe hujaniona, na faili nalo halijakuona." Hata meneja alirudi mlangoni akaanza upya.

Lakini sifa yake kubwa ni mashine za taipu. Ofisi zilipoanza kuleta kompyuta na kutupa mashine za zamani, yeye alizifuata. Amebeba moja begani kutoka usharika wa Chome, nyingine kaipakia kwenye bodaboda kutoka Kifaru. Nyumbani kwake ukikaribishwa chai, kikombe unakiweka juu ya mashine, na wewe mwenyewe umekalia nyingine. Tulimwita Mzee Chuma Chakavu, na jina nililitunga mimi. Niliwahi kumuuliza, "Mzee, unafungua kiwanda cha kelele?" Akacheka kidogo, akaendelea kupanga mafaili.

Akiikuta mashine mahali, haulizi kama ni nzima. Anatoa karatasi kwenye lile koti, anaiingiza, anaandika mstari uleule kila siku: Koleta Mrutu, mpiga chapa, Same. Anautazama, anakunja karatasi, anarudisha mfukoni. Kisha anaichukua mashine hivyo hivyo. "Nimeshaiamsha," anasema, "nitaiachaje?"

Mimi nilidhani ni uzee. Mama Irine wa uhasibu ndiye aliyeniweka chini. Koleta alikuwa mke wa mzee, na alikuwa mpiga taipu wa ofisi hii. Mashine yake ilikuwa na herufi moja iliyopinda, ile a, ikawa kila ikigonga inaruka juu ya mstari. Wakulima wa milimani wakipokea barua walisema, "Hii kweli imetoka ofisini, ona a inavyochungulia." Wakuu walitaka kuitengeneza, Koleta akakataa. Aliwaambia, "Mkiigusa hiyo, mtanitafutia na mkono mwingine."

Aliugua, akafariki, mzee akaenda kumzika Chome. Matanga yalipoisha akarudi, akakuta kompyuta mezani kwa mkewe. Vitu vya zamani vilikuwa vimeshapigwa mnada. Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna pia aliyekumbuka kumuuliza.

Basi mwezi uliopita niko Lembeni kwa Bahati, fundi cherehani. Naona anagandamizia vitambaa kwa mashine ya taipu, nyeusi, imeota kutu. Nikaomba karatasi, nikaandika ule mstari wa mzee. Rangi ya utepe ilikuwa hafifu kama chai ya pili, lakini a zote zilikuwa zinachungulia. Nikaandika mara ya pili, na mimi si mtu wa kurudia kazi. Bahati alinipa mashine, nikamletea matofali mawili ya kugandamizia.

Kamati ikafurahi, ikasema zawadi haitolewi na kutu. Tukaipeleka kwa Wilbard, fundi wa mizani hapa mjini, mtu asiyejua kulipua kazi. Aliisugua, akaipaka mafuta, akaweka utepe mpya. Iliporejea, tulipiga nayo picha kama bibi harusi. Kisha nikaandika ule mstari.

Herufi zilisimama sawa kama kwaya. Wilbard akatabasamu, akasema, "Kuna a moja ilikuwa imepinda, nimewanyooshea bure."

Tulimwomba aipinde tena. Akaipinda, ikaruka, ila ilikuwa inaruka kigeni. Mama Irine akatoka nje.

Mzee wetu, ofisi nzima inakushukuru kwa miaka yote uliyotutunza na kutufundisha kusalimia. Tunakuombea afya njema, baridi ya Chome ikupokee, na koti lako hatimaye lipate kazi. Lile jina la Chuma Chakavu nimelifuta.

Chini ya kitambaa cheupe pale mbele kuna mashine. Ni ya Koleta, naapa. Utatoa karatasi yako, utaandika mstari wako, na hutaamini. Tuliipata, mzee. Halafu tukainyoosha.